Kurudia Mbio Zako Kwenye Ramani: Strava, Relive, Garmin Connect, Google Earth au OpenTracks?

Siku hizi karibu kila mkimbiaji mwenye simu janja anarekodi mbio zake, lakini wanaorudi kuitazama rekodi ni wachache. Mtu anamaliza kilomita 10, anaangalia muda, anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, basi. Rekodi yenyewe inabaki imelala. Inaniuma, kwa sababu ndani yake mna majibu ya mambo tunayobishania kila Jumamosi baada ya kunyoosha viungo: nilichoka wapi, nani alikuwa mbele kabla ya kona ya mwisho, kile kilima kimenila dakika ngapi.

Programu za kuchezesha mbio upya kwenye ramani zipo nyingi, na zinatangazwa kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Hazifanyi kazi moja. Anayetaka video ya kumtumia mama yake kijijini na anayetaka kujua kwa nini miguu ilikataa kilomita ya 30 wanahitaji vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo nimezilinganisha kwa swali ambalo kila moja inalijibu vizuri. Wingi wa vitufe vyake sikuuhesabu kuwa sifa.

Kwanza, faili

Kabla ya kuchagua programu, ijue faili. Nyingi kati ya hizi husoma aina iitwayo GPX, iliyoanza 2002 na toleo lake la 1.1, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, likatoka 2004. Haina siri yoyote. Ifungue kwa Notepad utaona maandishi ya kawaida: nukta moja baada ya nyingine, kila nukta na latitudo yake, longitudo yake, mwinuko na muda. Mtu aliyekimbia Oysterbay ataona latitudo ikianza na -6.7, alama ya kutoa ikimaanisha kusini mwa ikweta, na longitudo ikianza na 39.2. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja ardhini. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati nyingine: nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo kwetu zinakaribia kulingana, takriban kilomita 111 kila moja, hivyo hesabu za haraka za kichwani hazikupotoshi sana.

Usishtuke na muda. Ukianza kukimbia saa 12 asubuhi, faili itaandika 03:00, kwa kuwa GPX huhifadhi saa za dunia na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Nimeona watu wakidhani simu imeharibika.

Saa za Garmin, Coros na Suunto huandika aina nyingine, FIT, ambayo ni ndogo zaidi na hubeba mapigo ya moyo na idadi ya hatua kwa dakika. FIT huwezi kuisoma kwa macho, ila hugeuzwa kuwa GPX bila shida. Faili ya GPX ya saa nzima, nukta moja kila sekunde, kwa kawaida haifiki MB 1 kama ina mahali, mwinuko na muda tu. Kumbe unaweza kuweka mbio za miaka kadhaa kwenye flashi moja ukabaki na nafasi.

Na ndivyo ufanye, kwa sababu huduma hufungwa. Google walikuwa na My Tracks, nzuri na rahisi, wakaizima Aprili 2016. Endomondo, iliyopendwa sana, ilifungwa 31 Desemba 2020. FATMAP, iliyokuwa na ramani za milima zenye kina kuliko karibu zote, ilinunuliwa na Strava Januari 2023 na kufungwa mwaka uliofuata. Julai 2020 seva za Garmin zilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na kwa siku kadhaa watu hawakuweza kupakia mbio zao wala kuziona za zamani kwenye Garmin Connect. Kigezo changu cha kwanza, basi, kinatangulia urembo wa ramani: programu inanirudishia faili yangu nikiitaka?

Strava inarudisha, hata kwa asiyelipa, ila inabidi uingie kwenye tovuti yao, ufungue mbio husika na upakue. Garmin Connect nayo inarudisha kupitia tovuti, na inakupa uchaguzi mpana zaidi: faili asili, GPX, TCX (aina nyingine ya faili za mazoezi), na faili ya Google Earth moja kwa moja. OpenTracks inatoa GPX na KMZ, aina inayosomwa na Google Earth, ukiwa hapo hapo kwenye simu. Relive mimi naiona kama studio ya video, na sishauri iwe mahali pekee unapohifadhi mbio zako.

Simu au saa?

Ramani nzuri haiwezi kuponya rekodi mbovu. Kosa la kawaida ninaloliona ni mstari ulionyooka unaokatiza juu ya nyumba za watu, kana kwamba mkimbiaji aliruka. Mara nyingi GPS haina hatia hapo. Simu nyingi za Android huua programu zinazofanya kazi skrini ikiwa imezimwa ili kuokoa chaji. Programu inakata pumzi dakika ya 8, inafufuka dakika ya 15, kisha inaunganisha nukta mbili kwa rula. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri ya simu, kuitafuta programu unayorekodia na kuiruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Fanya hivyo kabla ya kuilaumu programu yoyote kati ya hizi.

Tatizo la pili ni majengo na miti. Katikati ya Posta pale Dar, au Upper Hill kule Nairobi, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta za maghorofa kabla ya kufika mkononi mwako, na nukta zinahamia mtaa wa pili. Msitu wa Karura nao una utepetevu wake chini ya miti mikubwa. Hapo ndipo saa zenye masafa mawili, yaani zinazosikiliza mawimbi ya L1 na L5 kwa pamoja, zinapoonyesha tofauti ya kweli. Garmin Forerunner 265 na Coros Pace 3, zote za 2023, zinazo. Forerunner 55 haina. Baadhi ya simu nazo zina masafa mawili tangu Xiaomi Mi 8 ya 2018. Lakini kama njia yako ni ya ufukweni au ya kijijini, mbingu wazi, saa ya bei nafuu au simu inatosha kabisa. Daraja la Tanzanite, zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji bila kizuizi, hata simu ya kawaida huchora mstari safi.

Mwenye saa ya Garmin aangalie jambo moja zaidi: kwenye baadhi ya saa kuna uchaguzi wa kurekodi kwa akili au kila sekunde. Kurekodi kwa akili huacha nukta nyingi ili kuokoa nafasi. Kwa mtu anayetaka kurudia mbio zake kwenye ramani, weka kila sekunde. Kona zitakuwa kona.

Strava na Garmin Connect: pale ambapo wengi tupo tayari

Strava ilianzishwa 2009 Marekani na leo ndiyo uwanja mkuu wa wakimbiaji. Asiyelipa anapata ramani, muda wa kila kilomita, na kwenye tovuti kuna kitu ambacho watu hawakitumii vya kutosha: ukipitisha kishale juu ya mchoro wa mwinuko, alama inatembea kwenye ramani kufuata kishale. Hiyo tayari ni namna ya kurudia mbio. Unarudisha kishale nyuma na mbele kwenye kilima kile kile mpaka uelewe kilichotokea.

Anayelipa anapata Flyover, ambapo njia yako inapitiwa kutoka juu kwenye ramani ya milima na mabonde. Ni nzuri kwa macho. Kwa mtu wa Iten au Lushoto, ambako ardhi ina cha kuonyesha, inasisimua. Kwa mtu wa Mikocheni, ambako ardhi ni tambarare, utaona mstari wa rangi ukipita juu ya mapaa na utamaliza hamu mara ya tatu. Sishauri mtu alipie Strava kwa ajili ya Flyover peke yake. Orodha kamili za washindi wa segimenti, yaani vipande maalumu vya njia ambavyo Strava hulinganisha muda wa watu, ambazo zilikuwa bure mpaka Mei 2020, ndizo zinazofanya malipo yawe na maana, na hapo ni kama kuna wenzako mnaoshindana kwenye kipande kile kile cha barabara.

Kuna kitu kingine cha Strava ambacho ni hazina kwa klabu: Flybys. Kinachezesha mbio yako pamoja na za watu waliokuwa karibu nawe wakati ule ule, kila mmoja akiwa nukta yenye rangi yake kwenye ramani. Unaona alikokupita, unaona mlipokutana tena. Tangu Oktoba 2020 kimezimwa mpaka mtu akiwashe mwenyewe, na mbio ziwe wazi kwa kila mtu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa faragha, lakini maana yake klabu nzima ikubaliane kukiwasha, la sivyo utajiona peke yako barabarani.

Garmin Connect, ukilinganisha, ni ya mtu anayejichunguza mwenyewe. Michoro yake ya mapigo ya moyo, mwendo na mwinuko ipo mingi na bila malipo kwa mwenye saa. Machi 2025 walileta Connect+ ya kulipia, ila msingi unabaki bure. Kijamii imepoa, wengi huiunganisha na Strava, mbio zinahama zenyewe, na hivyo wanakula pande zote mbili. Kama tayari una saa ya Garmin, usitafute kwingine kwa ajili ya takwimu. Kwa ajili ya kuziona mbio zikisogea, endelea kusoma.

Relive: video ya kutuma

Relive inatoka Uholanzi, na kazi yake inaijua. Inachukua mbio yako, inaweka kamera juu ya picha za setilaiti, kamera inakufuata njia nzima, na picha ulizopiga njiani zinachomoza pale pale ulipozipigia. Mwisho unapata video fupi inayotumika vizuri kwenye WhatsApp na Instagram. Toleo la bure linatosha watu wengi. Kulipia kunakupa uhuru zaidi wa kuihariri na ubora wa juu.

Kwa anayepanda milima ya Usambara, au aliyekimbia mbio zake za kwanza za kilomita 21 na anataka watoto wake waone, sijapata inayoishinda. Video inabeba furaha ambayo picha ya skrini yenye namba haiwezi kuibeba, na nimeona watu wakianza kukimbia kwa sababu ya video ya rafiki.

Ila usiitegemee ikufundishe. Kamera inapita kilima kwa kasi ya kupendeza, na ile dakika uliyotembea ukishika kiuno inapotea. Pia ujue kuwa Julai 2019 Strava iliikatia Relive njia ya kuchukua data, kwa hiyo mbio zako za Strava hazitaingia huko zenyewe. Unarekodi kwa Relive yenyewe au unaiunganisha na saa yako. Na video inatengenezwa kwenye seva zao, maana yake unahitaji bando la kutosha.

Google Earth Pro: mwalimu asiyelipwa

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa anayetaka kujifunza, na inashangaza ni wakimbiaji wachache kiasi gani wanaijua. Google Earth Pro ilikuwa ikiuzwa karibu dola 400 kwa mwaka hadi Januari 2015 ilipofanywa bure. Ni ya kompyuta: Windows, Mac au Linux. Usiichanganye na Google Earth ya simu.

Pakua GPX kutoka Strava au Garmin, ifungue ndani ya Google Earth Pro. Kisanduku kidogo kitakuuliza unataka nini. Chagua lile lenye neno Tracks, kwa sababu hilo ndilo linalobeba muda. Ukichagua mstari mtupu utapata njia isiyotembea. Kona ya juu kushoto kitatokea kitelezi cha muda. Kisogeze kwa kipanya, na alama inasogea barabarani. Bonyeza kitufe cha kucheza, inatembea yenyewe. Ikienda mbio mno, bofya alama ya spana pembeni ya kitelezi upunguze kasi.

Kisha bofya kulia kwenye njia na uombe mchoro wa mwinuko. Hapo sasa. Chini ya skrini unapata mlima mzima na kasi yako juu yake, na kila unapopitisha kishale mshale unasogea kwenye ramani. Chukua mfano wa Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu 2003. Njia inapanda kuelekea Mweka, kisha inateremka kurudi mjini. Wastani wa mwendo wa mbio hizo hauna maana yoyote, kwa sababu kupanda na kushuka vimechanganywa chungu kimoja. Ukizirudia kwenye Google Earth Pro unaona mambo mawili yakitengana: kama ulipanda kwa nguvu usiyokuwa nayo, mteremko nao utakwenda polepole, kwa sababu mapaja yameisha. Aliyepanda kwa akili anaonekana wazi, alama yake inashuka kwa kasi inayolingana hadi mjini. Hakuna video ya kupendeza itakayokuonyesha hilo.

Ina mipaka yake. Mwinuko unaouona ukiwa umeibana njia kwenye ardhi si ule ulioupima wewe, ni wa ramani ya dunia. Sehemu kubwa ya ramani za mwinuko zinazotumika duniani ina mizizi kwenye kazi ya rada iliyofanywa na chombo cha anga za juu Endeavour kwa siku 11 mnamo Februari 2000, yenye chembe za takriban mita 30. Kilima kifupi cha ghafla hulainishwa, na kilichojengwa baadaye hakimo. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa 2022. Usishangae mkimbiaji wako akionekana anakanyaga bahari. Kama saa yako ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, mwinuko wake mara nyingi ni wa kuaminika zaidi kwa kupanda na kushuka kwa muda mfupi.

Na inavuta bando. Picha za setilaiti hupakuliwa kila unaposogea. Tumia Wi-Fi ya mahali.

Mkiwa wengi, au ukijishindanisha na wewe mwenyewe

Mkitaka kuona klabu nzima kwa pamoja, kitelezi cha Google Earth Pro kinaweza: fungua faili za watu wote wa mbio ile ile, na kwa sababu muda wa kila faili umetoka kwenye setilaiti, alama zote zinaanza na kupishana kama ilivyotokea siku ile. Hakuna anayeweza kubisha aliyeongoza kilomita ya 5.

Kujishindanisha na mbio zako za mwezi uliopita kunahitaji hatua moja ya ziada. Kitelezi kinafuata tarehe halisi, kwa hiyo mbio za Februari na za Machi hazitakutana kamwe. Inabidi muda wa faili moja usogezwe ulingane na nyingine. Nenda gpx.studio, tovuti ya bure isiyohitaji akaunti, fungua faili, tafuta kifaa cha muda, badilisha tarehe na saa ya kuanza, hifadhi. Tovuti hiyo hiyo inakata vipande, inaunganisha mbio iliyokatika katikati, na kufuta ile sehemu uliyosahau kuzima saa ukapanda nayo daladala. Ni kifaa kimoja ambacho ningemwekea kila mkimbiaji kwenye vipendwa vya kivinjari chake.

GPX Animator inakwenda mbali zaidi. Ni programu huria ya kompyuta inayotumia Java. Unaipa faili kadhaa, unampa kila mtu rangi, unasogeza muda wa kila mmoja ukitaka waanze pamoja, nayo inakutolea video yenye ramani nyuma na mistari ikijichora. Haina milima wala kamera inayoruka, ni ramani bapa tu. Kwa mkutano wa klabu baada ya mbio, ramani bapa ndiyo bora, kwa sababu macho yanabaki kwa watu wanaokimbizana. Inahitaji mtu mmoja kwenye klabu asiyeogopa kompyuta.

QGIS, programu ya kitaalamu ya ramani, naitaja kwa waliokwisha kuizoea kazini, watu wa ardhi, mazingira na mipango miji. Tangu toleo la 3.14 la 2020 ina kidhibiti cha muda ndani yake, na nukta za GPX zinatembea vizuri sana. Kwa mwingine yeyote ni kutumia shoka kukata kitunguu.

OpenTracks, na suala la nani anaiona njia yako

Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, aliionyesha dunia kuwa ramani ya joto ya Strava, iliyokusanya mbio za watumiaji wote, ilikuwa imechora kambi za kijeshi katika sehemu ambazo hakuna anayekimbia isipokuwa askari. Oktoba 2024 gazeti la Ufaransa Le Monde lilionyesha kuwa mienendo ya walinzi wa marais, wakiwemo wa Macron na Biden, ilijulikana kupitia akaunti zao za Strava. Wale ni watu waliofunzwa usalama. Wewe na mimi tunaanzia mlangoni kwetu saa 11 na nusu alfajiri, njia ile ile, siku zile zile, na ramani inasema hivyo kwa yeyote anayetazama. Kwa dada zetu wanaokimbia peke yao suala hili ni zito, na klabu zinapaswa kulizungumza waziwazi na wanachama wapya siku ya kwanza.

Strava inakuruhusu kuficha mwanzo na mwisho wa mbio hadi kilomita 1.6, au kuficha ramani yote. Fanya hivyo leo. Kumbuka pia kuwa faili ya GPX unayomtumia mtu haifichi kitu: ina nukta ya kwanza hadi ya mwisho, na mlango wako umo. Kata ncha zake kwanza kwenye gpx.studio.

Asiyetaka mbio zake ziondoke kwenye simu kabisa, jibu ni OpenTracks. Ni programu huria ya Android, inapatikana F-Droid, duka la programu huria, na imetokana na ile ile My Tracks ya Google iliyozimwa. Haiombi ruhusa ya intaneti. Haiwezi kutuma kitu hata ikitaka. Haina ramani ndani yake; unaiongezea OSMDashboard, ambayo inachora njia yako juu ya ramani za OpenStreetMap. Ramani hizo kwa miji yetu mara nyingi ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa vijana wa hapa hapa wamezichora: huko Dar mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 na kuingiza mitaa, mitaro na nyumba kwa nyumba. Vichochoro vya Tandale vimo.

Hasara yake ni kwamba haina kundi, haina pongezi, na kuchezesha upya utafanya kwingine kwa faili uliyotoa. Wenye iPhone haiwahusu.

Ningemshauri nani nini

Mwenye simu tu, anayeanza, anayetaka kuonyesha: Relive ya bure kwa siku za furaha, Strava ya bure kwa kila siku, mwanzo na mwisho vikiwa vimefichwa. Usilipe chochote mwaka wa kwanza.

Anayejiandaa kwa marathoni na ana lengo la muda: saa, hata ya bei ya kati, ikirekodi kila sekunde, na Google Earth Pro kila baada ya mbio ndefu. Ukiwa na nusu saa ya kukaa na kitelezi kile, utaacha kubahatisha. Lipia Strava pale tu wenzako wengi wapo humo na mnashindana.

Klabu: kubalianeni kuhusu Flybys, au mtu mmoja akusanye faili na kutengeneza video kwa GPX Animator. Njia ya pili inawapa wanachama faragha zaidi, kwa sababu kila mtu anatoa faili ya siku ile tu.

Anayejali faragha kuliko yote: OpenTracks, kompyuta yake, na flashi.

Jambo moja kuhusu umbali, kwa sababu linaleta ugomvi usio wa lazima kila baada ya mashindano. Saa ikikuonyesha kilomita 42.5 kwenye marathoni, usikimbilie kumlaumu mwandaaji. Njia zenye cheti hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaowezekana, kona kwa kona, na huongezwa sehemu moja kwa elfu, yaani mita 42, ili zisije zikawa fupi. Wewe unazunguka meza za maji, unapita watu kwa nje, na GPS inaongeza mtetemo wake. Chezesha mbio hizo upya kwenye Google Earth Pro ukikaribia kona, na utaona umekata upande upi.

Na kabla ya kulipia saa au programu yoyote, nenda kwenye uwanja wenye njia rasmi ya mita 400, ukae kwenye mstari wa ndani kabisa, ukimbie mizunguko 5. Hizo ni kilomita 2 kamili. Rekodi kwa simu na, kama unaweza kuazima, kwa saa, vyote kwa wakati mmoja. Fungua faili zote mbili kwenye gpx.studio, moja juu ya nyingine. Yenye mizunguko iliyolala karibu karibu, bila kuingia uwanjani wala kupanda majukwaani, ndiyo ya kurekodia. Kama simu imefanya hivyo, pesa ya saa nunulia viatu.